Vifaranga Waliochanjwa Mapema Mno

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa kupikia, Nicasia Arocutipa alishuka kwenye mahodhi ya vifaranga wa samaki nyuma ya nyumba. Alivunja barafu nyembamba iliyoganda pembeni, akawanyunyizia vifaranga chakula cha unga, akawatazama wakigombania. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuwalea samaki aina ya trauti tangu wakiwa mayai. Mumewe, Fermín, aliwatunza wakiwa wakubwa katika vizimba vya nyavu, ndani ya Ziwa Titicaca.

Asubuhi moja, wote wawili walikuwa ndani ya boti, kando ya kizimba kipya. Walikuwa wakiopoa mizoga ya samaki wadogo. Midomo ya samaki hao ilikuwa myekundu, na damu ilikuwa imevilia chini ya taya.

"Si ulisema umewachanja?" aliuliza Fermín.

"Niliwachanja. Wewe mwenyewe ulishika ndoo ya dawa."

"Basi ulichanja maji."

Nicasia aliendelea kuopoa. Vifaranga hao walikuwa matumaini yao ya mwaka mzima. Kwa sababu walikuwa wamechanjwa, waliona hakuna haja ya kungoja, wakawahamishia ziwani wakiwa wadogo bado. Sasa karibu wote walikuwa wamekufa.

Jioni, Fermín alifunga blanketi lake kwa kamba. Alikuwa anakwenda kwenye machimbo ya dhahabu milimani. Huko ndiko kaka yake, Rufino, alikopata ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi, uliomuua.

"Usiende huko, baba Wilber," Nicasia alimsihi.

"Tutakula nini? Wale wa hodhini, walioanguliwa juzi, wakipona, nitumie habari, nitarudi. Wakifa, usiningoje."

Akaondoka. Mama yake Fermín, bibi Sabina, alibaki mlangoni akimtazama Nicasia, mkwewe, kwa jicho kali.

Kesho yake alikuja Delfina Pari, jirani yao, ambaye alikuwa mtaalamu wa afya ya samaki. Yeye pia ndiye mama wa ubatizo wa Wilber, mtoto wa Nicasia. Alikagua mizoga, kisha akanawa mikono.

"Ulichanja lini, dada?"

"Walipoanza tu kuogelea. Wengine walikuwa bado na kifuko cha kiini tumboni."

"Mbona mapema hivyo?"

"Wilber alichomwa sindano hospitalini siku aliyozaliwa. Nikaona samaki naye ni mtoto."

Delfina alikaa juu ya ukingo wa hodhi. "Ni mtoto, lakini si mtoto kama wetu. Wilber alizaliwa na kinga iliyokwisha kuanza kujengeka. Kifaranga huyu anaanguliwa kabla mwili wake haujamaliza kutengenezwa."

"Kwa hiyo hana kinga kabisa?"

"Anayo kidogo. Ana ngozi na ute unaoteleza, unaozuia vijidudu visipenye. Ana chembe za mwilini zinazomeza vijidudu. Tena mama yake alimwekea akiba ya kinga ndani ya kiini cha yai. Kiini kikiisha, akiba hiyo nayo hupungua."

"Na chanjo?"

"Chanjo ni mwalimu. Inaufundisha mwili kumtambua adui na kumkumbuka. Sasa mwalimu ameingia darasani, wanafunzi hawajazaliwa. Wanafunzi hao ni chembe zinazokomaa katika tezi ndogo karibu na matamvua ya kupumulia, katika figo na katika wengu. Viungo hivyo hukua polepole, na maji yetu ya baridi huvichelewesha zaidi. Ukichanja mapema mno, mwili haujifunzi kitu. Pengine hata humzoea adui, ukamwona ni mwenyeji."

Bibi Sabina aliingilia. "Samaki na darasa! Kesho mtawashonea sare."

"Bibi," Delfina alisema kwa upole, "mbona Wilber hamkumkata nywele za kwanza alipokuwa mchanga? Mlingoja nini?"

"Asimame kwanza. Mtoto asiyesimama hatumwitii wazazi wa ubatizo waje na mkasi. Hajawa mtu imara."

"Basi na hawa tungoje wasimame. Usihesabu siku, dada, pima uzito. Wakifika gramu mbili, tatu hivi, uniite. Chupa moja ya chanjo haijafunguliwa. Nitaihifadhi kwenye jokofu. Hadi wakati huo, kinga yao ni usafi wako. Wape maji ya chemchemi tu. Usiwasonge. Wavu uliogusa ziwa usiguse hodhi hili."

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kazi. Ugonjwa ulienea ghuba nzima. Kila upepo ulipotoka ziwani ulileta harufu ya mizoga. Jirani mmoja alikuja kuazima wavu, kama walivyozoea kuazimana tangu enzi za wazazi wao. Nicasia alimnyima, na jirani akaacha kumsalimia.

"Unangoja nini?" bibi Sabina alimuuliza. "Wavae suruali? Mwanangu anakula vumbi huko, wewe unapima samaki."

"Nikikosea tena, mama, harudi."

 Siku iliyofuata bibi kizee alikwenda mwenyewe kusugua mahodhi.

Vifaranga walipofikia uzito, Delfina alileta chupa. Waliwachovya katika maji yenye chanjo, fungu kwa fungu. Hata hapo Nicasia hakuwahamisha. Aliwaacha wiki kadhaa zaidi, mpaka Delfina alipomwambia kuwa sasa miili imejifunza. Walipoingia ziwani, wachache walikufa. Wengi walikula, wakanenepa. Nicasia akatuma habari machimboni.

Fermín alirudi akiwa amekonda. Hakuingia ndani, alitaka kuona kwanza. Nicasia alimpeleka kizimbani kwa boti. Fermín aliushika wavu, akauinua kidogo, na samaki wakarusha maji mpaka usoni pake.

"Ndio wale?"

"Ndio wale."

Fermín alitaka kucheka, lakini kikohozi kilimzuia. Alikohoa muda mrefu, ameinama, mkono kifuani. Nicasia alikifahamu kikohozi hicho. Aliwahi kukisikia kwa marehemu Rufino.

Aliuchukua wavu mikononi mwa mumewe, akaushusha taratibu.

"Kaa, baba Wilber," alisema. "Leo nitawalisha mimi. Kesho tunakwenda hospitali."