Mate ya Juzuu ya Sita

Ernestine alipoipangusa juzuu ya sita, kitambaa kilirudi kimelowa.

Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka 1964, kiangazi kimeshika, na Uvira nzima, pale kando ya ziwa, ilikuwa vumbi hadi kwenye meno. Juzuu nyingine kumi na moja za ile kamusi kubwa ya historia na teolojia ya Ukristo zilikuwa kavu kabisa. Ya sita peke yake, ile ya herufi H, ilikuwa inavuja. Na si maji. Kilikuwa kitu cha kunata, chenye uvuguvugu, kama mate ya mtu aliyelala mdomo wazi. Akakinusa kitambaa. Harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliooza guniani ikampanda puani, akakitupa dirishani.

Wazungu wa shule ya wachungaji walikuwa wamevuka mpaka wa Kavimvira kwenda Burundi siku waasi walipouingia mji. Funguo za maktaba walimwachia mume wake, Pasta Mathieu, mwalimu wa historia ya kanisa. Alizipenda zile juzuu kama watu wa milimani wanavyopenda ng'ombe. Kila alipotaka kufungua ukurasa alilamba kidole kwanza, tabia ambayo Ernestine hakuwahi kuizoea.

"Baba Félicité, hii kitabu iko inatoka mate," alimwambia.

"Kitabu haina kinywa, mama. Acha nisome. Roho yangu inatulia kidogo."

Na kweli alihitaji utulivu. Wiki ile komanda wa waasi alikuwa amemwita, akamtaka aandike majina ya watu wa kanisa waliokuwa upande wa serikali. Mathieu alirudi nyumbani, akamshika mkewe mikono miwili. "Sitataja muntu hata mumoja. Afazali banikufishe minye." Afadhali wamuue yeye, alimaanisha.

Siku ya kwanza alisoma hadi adhuhuri. Siku ya pili alikataa ugali. Siku ya tatu Ernestine alimpelekea chakula mchana kweupe, jua likiwa utosini, na kabla hajagonga alisikia sauti ndani: chwap, kisha kimya, kisha chwap, kama ndama anayelamba chumvi.

Akachungulia. Mathieu alikuwa ameinama juu ya meza, uso umegusa kitabu, na alikuwa anaulamba ukurasa, polepole, kutoka chini kwenda juu, na kila ulimi wake ulipopita karatasi iliinuka kuufuata, ikavimba, ikatoa jasho la mafuta, na zile herufi nyeusi za Kifaransa zilikuwa zinatambaa juu ya karatasi kama funza juu ya nyama, zikipandana, zikitafutana, mpaka zikajipanga upya chini ya neno *Hérésie*, yaani uzushi, na Ernestine akasoma kwa macho yake mwenyewe: Charlotte wa Mutarule, mzushi. Antoine mvuvi wa Makobola, mzushi. Sylvestre mzee wa kanisa, mzushi. Mkono wa kulia wa mume wake ulikuwa unayanakili majina hayo kwenye karatasi nyeupe, orodha ile ile aliyoitaka komanda.

Sahani ikamponyoka.

Mathieu hakugeuka. Kilichosema kinywani mwake kilisema kwa Kiswahili safi cha pwani, ambacho yeye hakuwahi kukisema. "Maaskofu walipogombana, mimi nilikuwa chini ya viti vyao. Walipofukuzana, nilikula. Walipochomana moto kwa ajili ya neno moja, nilishiba miaka mia tatu. Sasa nasikia harufu ya karamu hapa ziwani."

Ernestine alikimbia hadi nyumba ya tatu. Hapo alikuwa amefikia Nyirabahizi, mama mzee kutoka Rurambo, kule milimani, ambaye watu walimwita kila penye pepo. Nyirabahizi hakujua kusoma hata jina lake. Alisikiliza, akafunga kitenge vizuri, akafuata.

Mlangoni alitema chini kwa karaha. "Eeh! Iko kunuka."

Mathieu alimtazama akitabasamu, ute ukimtiririka kidevuni. "Mchunga ng'ombe! Hata kusoma hujui. Haya, niambie: Mwana ni wa asili moja na Baba, au wa asili inayofanana na ya Baba?"

Ernestine alijua jibu. Mume wake alikuwa amemfundisha. Akafungua kinywa, na Nyirabahizi akamziba kwa kiganja.

"Usimujibu. Ubishi ndiyo chakula yake." Kisha akamgeukia yule. "Minye sibishane na weye. Minye najua moja tu: Yesu alitoka machozi kwa kaburi ya rafiki yake. Toka."

"Na mapenzi yake, ni moja au mawili?"

"Alitoka machozi. Toka."

"Nani alikubatiza? Kwa maji mengi au machache?"

"Toka!"

Hivyo hivyo kwa muda mrefu. Swali jipya, jibu lile lile, sauti ya mama mzee ikizidi kuwa ya chini, mpaka shingo ya Mathieu ikavimba na kitu kikaanza kupanda ndani yake. Alitapika utepe wa karatasi iliyolowa, mweusi, mrefu kuliko mtu, wenye nywele na magamba ya samaki, akauvuta kwa mikono yake mwenyewe huku akilia. Ulipokwisha akaanguka, akaomba maji kwa sauti yake.

Ndipo buti za askari wa komanda zikasikika uani.

Ile orodha ilikuwa bado mezani. Majina saba, kwa mwandiko wa Mathieu. Ernestine aliangalia pa kuificha, hakuona. Akaikunja, akaitia kinywani.

"Mama, hapana!" Nyirabahizi alinong'ona. "Si mu kinywa!"

Ilikuwa na uvuguvugu. Iliteleza kwenye ulimi kama kipande cha utumbo mbichi. Akatafuna mara mbili, machozi yakimtoka, akaimeza.

Askari wawili waliingia. Wakaona tope lile jeusi sakafuni, wakaona Pasta amelala ndani yake, wakaziba pua. "Hii nyumba iko na kipindupindu!" mmoja alipiga kelele. Walirudi kinyumenyume, na hawakukanyaga tena pale.

Jioni hiyo Nyirabahizi aliifunga juzuu ya sita kwa kamba, pamoja na jiwe, akaizamisha ziwani. Mathieu alipona. Hakukumbuka lolote.

Watu saba wa ile orodha waliishi. Jumapili Charlotte wa Mutarule alimkuta Ernestine mlangoni pa kanisa, akamkumbatia kwa furaha. "Mama Pasta! Mungu akulinde!"

Ernestine alitaka kuitika. Badala yake pua yake ilinusa shingoni mwa yule mwanamke, chini ya sabuni, harufu ya kila alichowahi kumficha Mungu, na ilikuwa harufu mbaya, na mate yalimjaa. Neno lile, mzushi, likampanda hadi kwenye meno, likisukuma. Alilijua. Alijua pia kwamba komanda angependa kulisikia.

Akafunga midomo, akalimeza. Antoine mvuvi alikuwa anakuja nyuma, mikono imefunguliwa, akicheka.