Siku Kamati Ilipokuja Kuona Madirisha Yetu

Pazia la chumba chetu, mimi na bibi, lilitikisika wakati dirisha limefungwa. Hicho ndicho nilichokiona kwanza. Nilidhani ni panya. Nikakaa nikiangalia. Pazia lilivimba kidogo, likarudi, likavimba tena. Hakukuwa na panya.

Nikawasha mshumaa, nikausogeza taratibu kando ya fremu. Juu, moto ulisimama wima. Kwenye kona ya chini ulilala kabisa. Kila ulipolala nikatia alama kwa penseli. Dirisha moja lilikuwa na alama tisa. Nikataka kujua na mengine yakoje, nikaenda la jikoni.

"Ruža, unachoma nyumba?" mama aliuliza.

"Hapana," nilisema. Mimi si msemaji.

Kwetu, wakati wa baridi watu hukaa jikoni, penye jiko la kuni. Vyumba vingine hufungwa. Lakini kulala, lazima mtu alale humo. Bibi Stojanka, mama yake baba, alilala na soksi tatu, na bado kifua kilimbana kila Januari. Aliziba nyufa kwa matambara. Bibi haogopi mbwamwitu. Anaogopa upepo unaopenya dirishani.

Mwezi wa Machi daktari alisema, "Mama huyu asipitishe baridi nyingine katika chumba kile."

Baba akasema basi, kabla ya theluji bibi atahamia kwa baba mkubwa mjini Niš, ghorofa ya sita. Bibi aliinuka. Akaenda kulisha kuku. Alikaa huko muda mrefu kuliko kuku wanavyokula.

Wiki ile akaja Mzee Tihomir, fundi wa kusafisha mabomba ya moshi. Bibi alipomwona alishika kifungo cha sweta. Ukimwona mtu wa kazi hiyo ukashika kifungo, bahati haikupiti.

"Shika viwili, Stojanka," Mzee Tihomir akamtania. "Kwa umri wako, kimoja hakitoshi."

"Wewe nawe nenda ukaoge."

Mzee Tihomir aliona alama zangu kwenye dirisha la jikoni. "Nani kachora hizi?"

Mama akaninyooshea kidole. "Huyo. Siku nzima anachezea mshumaa."

"Hachezi. Hapa ndipo kuni zenu zinapopotelea. Mnachoma mikokoteni mitatu kila mwaka. Mmoja wote mnampashia joto jogoo huko nje."

Baba alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nitauza ng'ombe. Jumamosi nawaita majirani, tunang'oa yote, tunaweka mapya."

"Usiguse hata msumari, Radiša. Serikali inatoa ruzuku ya madirisha. Huku kwetu wao wanalipa nusu na wewe nusu. Lakini ina mpangilio wake. Kwanza unapeleka ombi halmashauri, pamoja na hati ya nyumba na bei ya fundi aliye kwenye orodha yao. Halafu kamati inakuja kuona madirisha ya zamani yakiwa mahali pake. Halafu mnatia saini mkataba. Baada ya hapo ndipo fundi anaanza."

"Na kama nimeshayang'oa?"

"Basi wataona nini? Hupati kitu."

"Na hiyo nusu yao, wananipa mkononi?"

"Anapewa fundi. Na ni baada ya kamati kuja mara ya pili kuhakikisha kazi imefanyika."

Nilisikiliza kila neno. Nilikuwa na maswali kumi. Sikuuliza hata moja. Baba alipeleka ombi siku iliyofuata, na hakung'oa kitu.

Ila hakuna aliyemwonya mama asiyapambe.

Kamati ilipopanga siku ya kuja, mama alisema, "Wageni wanakuja kutoka halmashauri. Wasione aibu yetu." Siku mbili kabla, aliziba nyufa zote kwa lipu laini, akapaka fremu rangi nyeupe. Alama zangu zikapotea. Akatundika mapazia ya harusi yake. Siku yenyewe aliwasha jiko alfajiri, akaacha milango wazi, na chumbani kwa bibi akaweka hita ya umeme aliyoazima kwa jirani. Nyumba ilikuwa na joto kama mkate uliotoka kwenye tanuri.

Waliingia injinia Zorana na mwenzake. Mama akawapa, kama tunavyompokea mgeni kwetu, matunda yaliyochemshwa kwa sukari, kijiko kimoja kimoja na glasi ya maji, kisha kahawa.

"Mama Verica, baridi inawasumbua?" injinia aliuliza.

"Tunamshukuru Mungu. Hatuna shida. Wewe kula, mwanangu, umekonda."

Baba alitazama viatu vyake.

Injinia akazunguka nyumba yote, akamalizia chumbani kwetu. Akatazama dirisha. "Haya yanaonekana yana miaka mingine mbele yake," alisema. "Maombi ni mengi na pesa haziwatoshi wote. Tunaanza na nyumba zinazopoteza joto zaidi." Akafunga kalamu.

Bibi alikuwa amekaa kitandani. Akavuta sweta lake, akaanza kulikunja vizuri, kama mtu anayefungasha.

Nilichukua kisu cha mkate. Nikachokoa lipu kwenye kona ya chini. Likatoka, na tambara la bibi likatoka nalo. Nikawasha mshumaa, nikauweka pale. Moto ulilala, ukazimika.

"Mama amepaka rangi juzi," nilisema. "Chini yake pameoza. Bibi analala hapa. Na leo tu ndiyo kuna joto."

Nilikuwa sijawahi kusema mengi hivyo mbele ya mgeni.

Injinia akabonyeza mbao kwa kidole. Kidole kikazama. Akafungua kalamu tena.

"Mama," alimwambia mama yangu kwa upole, "karibu kila kijiji wananipakia rangi. Sikuja kuangalia usafi wenu. Nimekuja kuangalia ubovu, maana huo ndio unaoandikwa kwenye fomu. Mkiniwekea nyumba kama ilivyo siku zote, mnanisaidia." Akanigeukia. "Wapi pengine?"

Nikamwonyesha nyufa zote. Nilizikumbuka kwa kichwa.

Walipoondoka mama alisema, "Umenivua nguo mbele ya watu." Hakusema nami siku mbili.

Mkataba ulikuja Juni. Septemba fundi aliweka madirisha mapya, kamati ikaja mara ya pili, na halmashauri ikamlipa nusu yake. Bibi hakuhama. Januari alilalamika, "Nchi gani hii? Theluji nje, mimi natoka jasho." Kifua hakikumbana. Mama naye sasa huwaambia majirani, "Acheni rangi dukani mpaka kamati ipite."

Jioni moja bibi aliniuliza, "Wewe ambaye hata salamu unaijibu kwa kichwa, siku ile ulipata wapi ulimi?"

Sikumjibu. Nitajibu hapa.

Nilipokuwa darasa la sita, baba aliumia mgongo, nikabaki nyumbani kuchunga kondoo. Mwalimu alikuja kuuliza kulikoni. Mama alitandika kitambaa kizuri, akampa matunda ya sukari, akasema hatuna shida, mtoto mwenyewe hapendi shule. Mimi nilisimama mlangoni na sinia mkononi. Mwalimu alinitazama, akangoja kidogo, akamaliza kahawa, akaenda zake.

Mwalimu, nilikuwa napenda shule.