Uso wa Bikira wa Mninga

Stendi ya Korogwe ilikuwa imefurika, wauza machungwa wakikimbilia madirisha ya mabasi, Hosiana alipopigwa kikumbo hadi kiatu kikamvuka. Kijana mmoja mrefu, shati lake jeupe limejaa vumbi la mbao, akakiokota.

"Pole, dada. Mguu mzuri hivi unakwenda wapi?"

"Unakwenda kazini. Nipe kiatu changu, kaka!"

Kazi yenyewe ilikuwa kutunza makumbusho madogo ya sanaa za dini, vyumba viwili nyuma ya kanisa. Kijana yule, Semboja, mchonga sanamu wa Chanika kule Handeni, akaanza kumtembelea kila Jumamosi, hadi wakapendana. Siku nyingine alipiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje? Yule Bikira Maria wa mti wa mninga hapa makumbusho ananitazama. Nikihama kiti, macho yananifuata."

Semboja akabadilisha mazungumzo haraka.

Jumamosi moja Hosiana alitoka kununua maji. Aliporudi alimkuta Semboja ameshika shavu la sanamu ile, akinong'ona, "Edna, nimempata mwingine. Niruhusu."

Chupa ikamponyoka. "Edna ni nani?"

"Mke wangu. Alifariki kwa uzazi, mwaka wa nne sasa. Paroko aliniagiza nimchongee Bikira huyu, mikono ikakataa kuchonga uso mwingine ila wake."

"Kumbe unakuja kwake, si kwangu!"

"Mwanzoni kwake, Hosi. Siku hizi naja kwako, yeye namwomba ruhusa tu."

"Toka, Semboja."

Wiki tatu Hosiana hakupokea simu zake. Lakini kila alipoupangusa uso ule, kitambaa kilitoka kimelowa, na mvua haikuwa imenyesha. Mara ya tatu aliketi sakafuni mbele ya sanamu, naye akalia. Kisha akampigia Semboja simu.

"Mama yake Edna yupo?"

"Yupo Sindeni. Sijakanyaga kwake tangu mazishi. Naogopa, mpenzi."

"Kesho twende. Akinikataa yeye, basi."

Hawakumwambia mtu. Walifika saa saba mchana, Hosiana katika gauni la kitenge cha njano. Mama yule alikuwa mlangoni. Mkeka umetandikwa, sahani tatu zimepangwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama usoni kwa muda mrefu. "Karibuni, ugali unapoa. Edna alinijia usingizini. Alisema leo mume wake atamleta wa njano, nisimfukuze."

Semboja alipiga magoti akilia kwa sauti. Hosiana akaanza kupakua.