Kuni za Bibi Ottilie na Trela la Ekseli Moja

Kila Jumamosi ya vuli, kabla jua halijapanda juu ya maghala ya nafaka ya Sutter Creek, Delphine Rademacher huwa ameshavaa glavu zake na yuko kazini. Mjomba wake Orville hukata magogo kwa msumeno wa injini, binamu yake Royce huyapasua kwa shoka, na Delphine, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, huzipanga kuni kwenye trela. Mjomba humwita mwashi, kwa sababu ukuta wake wa kuni haujawahi kumwagika barabarani.

Trela lenyewe lilikuwa dogo, la ekseli moja na matairi mawili, tairi moja kila upande. Mjomba Orville alilipenda kuliko baadhi ya watu wa ukoo wake, na watu hao walilijua jambo hilo.

"Ekseli mbili ni za wasiojua kupanga mzigo," alizoea kusema, huku akitazama upande wa pili wa uzio. Huko aliishi Bi Verna Stucky, ambaye trela lake kubwa lilikuwa na ekseli mbili na matairi manne. Majirani hao hawakuwa wamesemezana tangu ng'ombe wa mmoja walipoingia kwenye mtama wa mwenzake. Ng'ombe walikuwa wa nani na mtama ulikuwa wa nani, inategemea unamuuliza nani.

Jumamosi hiyo redio ilitangaza kwamba mchana ingenyesha mvua ya barafu. Bibi Ottilie Bergkamp, aliyeishi peke yake ng'ambo ya kilima, hakuwa na chochote cha kumpa joto ila jiko lake la kuni, na kuni zake zilikuwa zimekwisha. Barabara ikigeuka kioo, hakuna ambaye angemfikia hadi barafu iyeyuke. Ilikuwa lazima kuni zifike asubuhi hiyo, na ziwe za kutosha.

Wiki nzima walikuwa wamebeba kuni za miti laini ya mtoni, wakijaza trela mpaka ubao wa juu. Leo walikuwa na miti ya uzio, ile ya njano ndani, migumu kama jiwe, ambayo moto wake hudumu hadi asubuhi. Mjomba Orville alipima kama alivyopima siku zote, yaani kwa jicho. Mpaka ubao wa juu.

Delphine aliweka kipande kimoja, akarudi nyuma, akainama kutazama chini ya trela.

"Mjomba, tuishie hapa."

"Ubao wa juu bado."

"Ubao bado, lakini matairi yameshachoka. Tazama yalivyobonyea."

Royce akacheka. "Anaogopa huyu. Mpeni kikapu akaokote mayai."

"Wewe kaokote mayai," Delphine akamjibu. "Angalau huko hutahitaji kufikiri."

"Nyamazeni," akasema Mjomba Orville. "Trela hili lilibeba kuni kabla hamjazaliwa."

"Lilibeba za mtoni, Mjomba. Zile nilikuwa nazirusha kwa mkono mmoja. Hizi nainua kwa mikono miwili na goti."

"Ni hapo tu, kupanda kilima na kushuka."

"Huko kushuka ndiko kunakonitia hofu. Tairi la upande mmoja likipasuka, upande huo hauna jingine la kushika mzigo. Trela litatuvuta wapi?"

"Litatuvuta kwa Bibi Ottilie. Panda garini."

Delphine hakupanda. Alikwenda pale trela lilipounganishwa na pikapu, akachomoa pini ya chuma inayoviunganisha, akaitia mfukoni mwa koti.

"Nipe pini," akasema Mjomba kwa sauti ya chini.

"Sikupi." Hakusogea. "Nitakupa tukipunguza mzigo."

"Tukipunguza, mwanamke mzee atalala kwenye baridi. Hatuna muda wa safari mbili. Ndivyo unavyotaka?"

"Sitaki. Ndiyo maana naenda kwa Bi Verna."

Royce aliacha kutafuna kile alichokuwa anatafuna.

"Delphine," akasema Mjomba, "ukivuka uzio ule utanijua mimi ni nani."

"Nakujua, Mjomba. Ndiyo maana nimechukua pini."

Akavuka.

Bi Verna alikuwa kwenye banda lake akiwapa ndama maji. Alimsikiliza Delphine hadi mwisho, kisha akauliza, "Orville ndiye aliyekutuma?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Hapana," Delphine akajibu. "Amenikataza. Pini yake iko mfukoni mwangu."

Bi Verna akaweka ndoo chini na kufuta mikono kwenye suruali. "Kwa raha ya kuuona uso wake, ningeleta hata treni."

Basi nusu ya kuni zikahamishiwa kwenye trela la ekseli mbili. Mjomba Orville alizirusha kana kwamba kila gogo lilimtukana. Delphine alipanga mazito mbele ya magurudumu, upande wa gari, ili trela lisiyumbe njiani. Alipoona matairi ya trela dogo yamenyanyuka, akamrudishia Mjomba pini mkononi. Bi Verna akatangulia na Royce. Mjomba akafuata na Delphine, akiendesha kama mtu anayekwenda mazishini.

Walipokuwa wanashuka kilima, ukasikika mlio kama wa bunduki. Tairi moja la nyuma la trela la Bi Verna lilikuwa limepasuka, vipande vyake vikaruka mtaroni. Trela likainama kidogo, lakini tairi la jirani likashika mzigo. Bi Verna akapunguza mwendo taratibu, akasimama salama bondeni.

Mjomba Orville alibana usukani kwa mikono miwili. "Ingekuwa letu…" akasema, na hakumaliza.

Delphine alijua mwisho wa sentensi hiyo.

Walibadilisha tairi wakaendelea. Lakini kwa Bibi Ottilie ikawa zamu ya Bi Verna kutoka jasho. Lango lilikuwa jembamba na njia ilikunja ghafla. Yale matairi manne yalikataa kukata kona, yakakwaruza changarawe tu. Uso wa Mjomba Orville ukang'aa. Akalifungua trela lake kwenye gari, na yeye na Royce wakalisukuma kwa mikono hadi mlango wa jikoni. Walipolishusha mzigo, wakarudi kulijaza kwa kuni za trela kubwa, safari baada ya safari.

"Lako linasukumika hivi?" Mjomba akamtania Bi Verna.

"Lako linasukumika kwa kuwa leo halijabebeshwa upumbavu," akajibu Bi Verna.

Gogo la mwisho liliingia ndani mvua ikianza kugonga bati. Kabla hawajafungua milango ya magari, barabara ilikuwa imeshaanza kung'aa kwa barafu. "Hakuna anayeondoka," akasema Bibi Ottilie. "Mtalala hapa, nyote." Delphine akampigia mama yake simu. Mezani kulikuwa na supu nzito ya maharage na nyama, pamoja na mikate ya mdalasini, na majirani wawili wakajikuta wameketi kiti kwa kiti.

Bibi Ottilie aliuliza kilichowaleta pamoja. Mjomba Orville angeweza kutaja mvua. Badala yake alieleza habari ya pini, yote, kisha akamgeukia Delphine.

"Ekseli moja inatosha kwa mzigo wake, na ekseli mbili kwa mzigo wake. Trela halikuwa na kosa. Mimi niliona matairi yamebonyea kama ulivyoona wewe, nikajifanya sikuona. Mkubwa akikuambia upande gari na macho yako yameiona hatari, kataa. Useme wazi kwa nini umekataa, halafu utafute njia nyingine ya kuimaliza kazi, kama ulivyofanya. Hata kama mkubwa mwenyewe ni mimi."

"Hasa kama ni wewe," akasema Bi Verna.

"Nilikuwa naongea, Verna."

"Endelea, Orville. Leo unaongea vizuri."

Royce akamsogezea Delphine mkate wa mwisho wa mdalasini bila kumtazama. Delphine akaukata vipande viwili, akamrudishia kimoja, kisha akainuka na kusukuma gogo la njano ndani ya jiko. Nje mvua ya barafu iliendelea kubisha hodi kwenye vioo, wala haikufunguliwa.