Sauti Iliyotoka Ngomeni

Ukuta wa chumba cha kulala ulianza kutoa jasho Jumatano, siku tatu baada ya Benadetha na mumewe Gervas kurudi kutoka Puerto Riko. Ulikuwa Februari, mwaka 2007, na baridi ya Bladensburg, Marekani, ilikuwa imekausha kila kitu ndani ya nyumba: midomo, mikono, hata mbao za milango. Ukuta mmoja tu, ule wa upande wa kichwani, ulikuwa umelowa. Gervas alikuwa fundi wa matengenezo katika chuo kimoja kule Fairfax, na mambo ya kuta aliyajua vizuri. Aligonga, akasikiliza, akatoboa tundu dogo la kupita kidole. Ndani hakukuta bomba. Akalamba kidole, akatema. Maji yale yalikuwa ya chumvi.

Hakumwambia mkewe. Benadetha alikuwa na huzuni ya kumtosha.

Mama yake alifariki Kamachumu, mkoani Kagera, Novemba ya mwaka 2005. Wakati huo maombi yao ya ukaazi yalikuwa hayajajibiwa, na wakili alikuwa amewaambia wazi kwamba atakayetoka nje ya nchi asitegemee kurudi. Basi mama akazikwa migombani nyuma ya nyumba yake, na Benadetha akayasikiliza mazishi kwa simu, akiwa amekaa kwenye ngazi za dharura za nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Simu ilikatika kabla jeneza halijashushwa. Alirudi ndani, akaenda kumbadilishia mgonjwa shuka. Hakulia siku ile, wala baadaye. Gervas alisubiri alie. Ikapita Krismasi, ukapita mwaka mzima.

Ndipo Gervas akafikiria Puerto Riko. Kisiwa kile kiko chini ya Marekani, na mtu huenda kwa leseni ya udereva tu, hakuna wa kudai pasipoti. Alitaka mkewe apande ndege, avuke maji, aone migomba, hata kama si ya kwao.

Mji wa kale kule umezungukwa na ngome. Kuta zake ni nene kupita urefu wa mtu, vibanda vya walinzi vimening'inia juu ya mawimbi, na mizinga bado imeelekezwa baharini, kuwasubiri maadui waliokwisha kuoza zamani. Siku ya kwanza Benadetha alifurahi. Alipiga picha juu ya ngazi, alicheka upepo ulipomvua kilemba. Siku ya pili wakaingia ngome nyingine, na mwongozaji, mzee mwenye kofia ya ukindu, akawateremsha kwenye vyumba vya chini. Akawaeleza kuwa mawe yale yalibebwa na wafungwa na Waafrika walionyakuliwa makwao, na kwamba baadhi yao walilala humo humo, wameegemea ukuta. Akaonyesha kwa tochi. Karibu na sakafu, usawa wa mgongo wa mtu aliyekaa, mawe yalikuwa na mabonde laini, yanang'aa, moja baada ya jingine, kama godoro lililolaliwa miaka mingi.

Wageni wengine walipanda juu. Gervas alipogeuka hakumwona mkewe, akarudi chini kumtafuta. Alimkuta amechuchumaa, kiganja chake kimo ndani ya bonde moja, midomo inacheza. Alipomuuliza anaongea na nani, akasema kuna mwanamke analia na yeye amempa pole. Gervas alisikiliza. Hakusikia kitu ila bahari. Akamshika mkono wakatoka.

Sasa, nyumbani Bladensburg, harufu ilifuata baada ya maji. Ilikuwa harufu ya chokaa mbichi na mwani, na ilizidi mchana, saa ambazo Benadetha alikuwa amelala, kwa kuwa zamu yake ilikuwa ya usiku. Gervas alipaka rangi ya kuzuia unyevu mara mbili. Rangi ilibabuka. Mkewe alimwambia aache, hasumbuliwi na kitu. Na kweli alionekana mtulivu kuliko alivyokuwa kwa mwaka mzima, ila hakuwa anakula, na alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani kila asubuhi kama mtu aliyeacha mgeni sebuleni.

Wiki ya tatu Gervas akapigiwa simu kazini na Jeptoo, nesi Mkenya aliyefanya zamu moja na Benadetha. Jeptoo alinong'ona. Alisema amemcover mwenzake kazini mara mbili kwa sababu wazee wamemkataa. Wanasema ananuka bahari. Kuna bibi mmoja asiyemtambua hata mwanawe, na huyo kila Benadetha akiingia anauliza yule mwingine nyuma yake ni nani, na kwa nini amelowa.

"Shemeji, kuna kitu ingine," Jeptoo akasema. "Jana nilimshika mgongo, nilitaka tu kumliwaza. Ni baridi. Ni ngumu kama jiwe. Nilipotoa mkono, ulikuwa mweupe, kama nimeshika chokaa."

Gervas aliomba ruhusa akarudi nyumbani. Ilikuwa saa saba mchana. Theluji ilikuwa imeanguka alfajiri na jua lilikuwa limeipiga, kwa hiyo barabara nzima iliwaka mpaka macho yakauma, lakini alipofungua mlango ndani palikuwa giza, mapazia yamefungwa, na baridi ya mle haikuwa ile ya nje, ilikuwa baridi ya mahali ambapo jua halijawahi kufika. Akasikia sauti ya mkewe ikizungumza Kihaya polepole. Akavua viatu, akatembea kwa soksi kwenye zulia, na zulia lilikuwa limelowa tangu sebuleni, na kadiri alivyokaribia mlango wa chumba alisikia kwamba mkewe haongei peke yake, kwamba kila anaponyamaza yupo anayemjibu, kwa neno moja tu, tena na tena, neno la Kihaya lenye maana ya nyumbani, na sauti iliyolitamka neno lile Gervas aliijua, kwa sababu ndiyo iliyomkaribisha ukweni siku ya kwanza na ndiyo iliyowabariki siku ya harusi, nayo ilikuwa sauti ya mama mkwe wake aliyekuwa kaburini.

Akasukuma mlango. Kitanda kilikuwa kimesogezwa. Benadetha alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, na ukuta ulikuwa umebonyea kuufuata mgongo wake, laini, unang'aa. Pembeni yake palikuwa na bonde la pili. Halikuwa na mtu. Lakini Gervas akiwa amesimama pale aliona maji yakitiririka kandokando ya umbo la mabega, yakilikwepa, na akaona mbonyeo ule wa katikati ukijaa taratibu, kama ngozi inavyorudi mahali pake mtu anapoondoa kidole, kama kwamba aliyekuwa ameegemea pale ameinuka kumtazama.

Alimvuta mkewe kwa mikono miwili. Mgongo ulitoka ukutani kwa shida, na kitambaa cha gauni kikabaki kimenata pale.

"Usimfukuze Mama," Benadetha akasema taratibu, bila hasira. "Amekuja kwa miguu, Gervas. Ametoka mbali."

Jioni ile walihamia kwa rafiki. Padri alikuja akabariki nyumba, na ukuta ukakauka siku mbili, kisha ukaanza tena. Huko kwa rafiki Benadetha hakulala. Alikaa kitako ameangalia upande wa Bladensburg, na asubuhi ya nne Gervas alimkuta ameegemea ukuta wa watu, na ukuta ule nao umeanza kulowa.

Ndipo akamwendea Bi Mwanakombo. Alikuwa mama wa Pangani, mwambao wa Tanga, aliyeishi Fairfax kwa binti yake, na Watanzania wa huko walimjua kwa mambo mawili, vitumbua na kuagua. Alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya goti. Alikataa kwanza, akasema Marekani amekuja kupumzika. Gervas alipomweleza juu ya mgongo, akaomba aletewe koti.

Alifika Jumamosi asubuhi, nyumbani Bladensburg, walikokuwa wamerudi kumpokea. Benadetha alimwamkia, naye akaitikia, akakaa kwenye kiti katikati ya chumba, akiutazama ukuta muda mrefu. Akamwomba Gervas aondoe king'ora cha moshi darini, kisha akafukiza udi na ubani kwenye chetezo, akasoma kwa sauti ya chini. Harufu ya chokaa ikarudi nyuma kidogo. Haikutoka.

"Ulimwambia nini kule ngomeni?" akamuuliza Benadetha.

"Nilimpa pole."

"Na nini tena?"

Benadetha aliutazama ukuta.

"Nilimwambia, twende nyumbani."

Bi Mwanakombo akafumba macho. "Basi hakukuvamia, mwanangu. Ulimwalika. Anayevamia hufukuzwa. Aliyealikwa huagwa, na wa kumuaga ni wewe, si mimi."

"Ni mama yangu, bibi."

"Mama yako yuko kwa Mola wake. Na hao waliolia ngomeni wako kwa Mola wao. Huyu ni jini aliyekaa na kilio chao hata akakifanya chake. Hana sauti. Hii ya mama yako umempa wewe, kwa sababu ulikuwa nayo moyoni hujaizika." Akamshika mkono. "Sitakuficha. Akiondoka ataondoka na alichopewa. Lakini akibaki, mgongo wako hautabanduka tena ukutani. Chagua mwenyewe."

Benadetha alimtazama mumewe.  Gervas alisema tu kwamba anamwomba asimwache peke yake katika nchi hii. Benadetha akainamisha kichwa. Baadaye sana akasema, haya.

Bi Mwanakombo aliufuta ukuta wote kwa kitambaa cheupe, akakikamua ndani ya bakuli, mara nyingi, mpaka bakuli likajaa maji yenye ukungu wa chokaa. Akamkabidhi Benadetha. Wakatoka watatu, Gervas akimshikilia mzee kwenye barafu, wakaenda mpaka mtoni, pale palipokuwa bandari zamani kabla tope halijaujaza mto. Meli zilifika pale wakati ule. Siku hiyo palikuwa na bata tu, na mtu mmoja mbali akitembeza mbwa.

Mzee akamwambia amweleze mgeni wake ukweli, wote, asibakize.

Benadetha alipiga magoti kwenye theluji. Maji ya bakuli yalikuwa yakitikisika ingawa mikono yake ilikuwa imetulia. Alisema kwa Kihaya, na Gervas alisikia kila neno. Alisema, nilikudanganya. Nilikuona unalia nikakuahidi nyumbani, na nyumbani mimi mwenyewe siwezi kufika. Mama yangu amezikwa sikuwepo. Hata udongo sikumtupia. Sina pa kukupeleka. Nenda kwa amani, unisamehe.

 Kisha kutoka ndani ya bakuli, karibu kabisa, ile sauti ya mama ikauliza, bila ghadhabu yoyote, kama mtu mzima anavyomuuliza mtoto aliyeumia:

"Hata wewe?"

"Hata mimi," Benadetha akasema, akamimina.

Maji yaliingia mtoni yakafanya doa jeupe. Doa halikusambaa. Lilisogea peke yake kufuata mkondo, taratibu, likapita chini ya daraja, na kilio chembamba kikalifuata mpaka hawakukisikia tena. Yule mbwa wa mbali alikuwa amelala chini, amefunika pua kwa miguu.

Hapo Benadetha akalia. Alilia mwaka na miezi mitatu yote, uso kwenye theluji, na Bi Mwanakombo akamzuia Gervas asimwinue.

Ukuta ulikauka. Gervas alibadilisha ubao wote, akapaka rangi upya. Mgongo wa Benadetha ukarudi kuwa laini, akaanza kula, akarudi kazini, na yule bibi mgonjwa akamruhusu amlishe. Ila alikuwa na tabia mpya ya kukaa ameinamisha kichwa, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Gervas alipomuuliza, alisema si kitu.

Mwezi wa sita dada yake Benadetha, Honorata, akampa msafiri kanda ya kaseti awaletee. Ilirekodiwa Kamachumu kwenye harusi ya mpwa wao, mama akiwa bado hai, akiwaasa maharusi. Gervas alitafuta redio ya zamani, akaweka betri, wakakaa jikoni Jumapili baada ya misa. Kanda ikakwaruza, kisha vigelegele, kisha mama mkwe akaanza kuongea, sauti ile ile, yenye mkwaruzo kidogo na kicheko kilichofichwa. Gervas machozi yakamlenga. Akamgeukia mkewe.

Benadetha alikuwa ameinama kwenye spika, ameukunja uso.

"Ameshaanza?" akauliza.

"Si huyo anaongea."

"Nasikia vigelegele. Nasikia watu wanacheka." Akasogeza sikio mpaka likagusa plastiki. "Katikati pale hapana mtu, Gervas. Ni bahari tu."

Gervas alinyoosha mkono azime. Mkewe akamzuia.

"Acha. Niambie anachosema."

Basi Gervas akairudisha kanda mwanzo, na mama alipotamka neno, akalitamka, na alipotua, akatua, Benadetha akimtazama midomo, upande mmoja mpaka mwisho, kisha wakageuza wa pili.