Aliyemlisha Kanyua

Asubuhi moja mwaka 1955, Kanyua, mtoto wa kifaru, alikutwa amekufa zizini mwake katika hifadhi iliyo chini ya Nchiru. Ndoo yake ya maziwa ilikuwa tupu, nayo ilinuka dawa ya kupe.

Sajini Ndwiga wa polisi, mwenyeji wa Embu, alifika akamkuta homugadi Marete, mlinzi wa serikali kijijini, keshamtia mtu pingu. Alikuwa Mutembei, askari wa wanyama aliyemlea Kanyua tangu majangili walipomuua mama yake. Miezi miwili nyuma, chama kilichoendesha hifadhi kiliishiwa fedha, kikawaachisha kazi askari wa wanyama wote isipokuwa mmoja, Thuranira.

"Huyu ni Mau Mau, afande," Marete alisema. "Kafutwa kazi, kalipiza kisasi. Leo leo anakwenda kizuizini."

"Thuranira, unasemaje?"

"Kanyua hakukubali kulishwa na mtu mwingine," Thuranira alijibu bila kumtazama Mutembei. "Mimi alikuwa ananipiga kichwa tu, akawa anakula majani. Na ndoo hiyo ameimaliza kwa hiari yake."

Ndwiga akamgeukia Mutembei. "Jana ulikuwa wapi?"

"Kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, mpaka jioni geti likafungwa, na hakuna kutoka hadi asubuhi. Marete ndiye alitusimamia."

Marete akakohoa. "Ni kweli. Lakini watu hawa wana njia zao."

"Kanyua alikutambuaje?" Ndwiga aliuliza.

"Kwa harufu, afande. Macho ya kifaru ni mabovu. Nilimlisha nikiwa na koti la kazi, hata akazoea kulilalia."

"Liko wapi?"

"Nilipofutwa nililirudisha stoo."

"Thuranira, ufunguo wa stoo anao nani?"

"Ninao mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tu."

Koti lilining'inia nyuma ya mlango wa stoo. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umelowa, ukinuka maziwa na dawa ya kupe.

"Mwenye koti alikuwa amefungiwa kijijini," Ndwiga alisema. "Nani kalivaa?"

Thuranira akaketi sakafuni.

"Kazi nilipata mimi. Mshahara nilipata mimi. Lakini kila jioni yule mnyama alisimama akitazama njia ya kijijini, analia. Mke wangu akanicheka, eti hata kifaru anamjua mwanamume ni nani. Jana nikavaa koti. Dawa ilikuwa tayari ndani ya ndoo. Kanyua akaja mbio, akanilamba mkono. Nikataka kumwaga yale maziwa, afande. Kisha nikakumbuka kwamba hanilambi mimi."

Pingu zikatoka mikononi mwa Mutembei zikaingia kwa Thuranira. Mutembei alichukua jembe, akatembea hadi zizini, akaanza kuchimba kando ya Kanyua. Halafu akaita:

"Afande, mfungue huyo kwanza. Kifaru si mbuzi. Siwezi kumzika peke yangu."

Ndwiga akatoa ufunguo, akamfungua Thuranira pingu. Wawili hao wakachimba bega kwa bega, na hakuna aliyemtazama mwenzake.