Mamba Aliyekatiwa Tiketi

Maji yaliisha kwa sababu ya wageni. Watu wakisikia nyumba fulani inahamia ng'ambo, hata wale ambao hawakukuamkia mwaka mzima hukumbuka ghafla kwamba ni jamaa zako. Walikula wali, wakala kuku, wakanawa mikono kama madaktari, na jua lilipoanza kushuka mtungi ulikuwa mkavu. Hakuna aliyeinuka. Nikaubeba mwenyewe.

"Mama, acha, giza linaingia," akasema binti yangu Josephine.

"Giza linaingia kila siku. Wageni wako ndio hawatoki."

Nikashuka mtoni.

Nieleze kwanza kwa nini walikuwa wanahama. Josephine aliolewa hapa hapa kijijini Wema na Silas, kijana mpishi. Walikuwa na watoto wawili, Griffin na Linda. Mwaka jana Griffin alichukuliwa na mamba, pale pale tunapochota maji. Siku hiyo watoto watatu walikuwa mtoni. Wawili walikuwa wametia miguu majini. Griffin alikuwa nyuma yao, ukingoni, ameinama anafunga kamba ya kiatu. Mamba aliwapita wale wawili. Akapanda nchi kavu, akamchukua yeye. Wote waliomwona walisema ni mkubwa, na mkia wake umepinda kushoto kama mundu.

Sisi watu wa mto tunajua. Yuko mamba wa Mungu na yuko mamba wa mtu. Mamba wa Mungu hula aliye karibu. Mamba wa mtu hula aliyetumwa kumla.

Hayo hayasemwi kwa sauti. Siku hizi ukimtaja mzee mwenzako kwa jina, vijana wanafika na petroli kabla hujamaliza kusema. Nami ni mzee, nywele nyeupe, macho mekundu kwa moshi wa jiko. Najua wakimaliza kwa jirani watakuja kwa nani.

Basi Silas akapata kazi ya kupika katika hoteli moja huko Shelisheli. Kisiwa, bahari pande zote, minazi, joto kama letu. Aliruhusiwa kwenda na watu wake. Josephine aliuliza swali moja tu.

"Kuna mamba?"

"Walikuwepo zamani," Silas akamwambia. "Walimalizwa wote."

Jioni ile ile akaanza kufunga mizigo.

Nani sasa wa kumwangalia Linda, mtoto aliyebaki, wazazi wakiwa kazini? Wakamchagua Rachael, shangazi aliyemlea Silas. Mwanamke mpole. Akiongea lazima usogee ndipo umsikie. Mimi niliyemzaa Josephine sikuulizwa. Sikulia. Nilisema tu kwamba kisu kilichonolewa vizuri hakipigi kelele, na watu wakasema, haya, kameanza tena kabibi haka.

Pale mtoni tumechomeka miti majini ikazunguka kama zizi, ili mchotaji awe ndani na mamba abaki nje. Nilipofika jua lilikuwa limekwisha zama, lakini mwanga bado ulikuwepo. Juu ya mti mmoja ilitundikwa leso. Nyekundu, yenye michoro ya korosho. Leso ya Rachael. Chini yake ndala, zimepangwa sawasawa, kama mtu aliyevua mlangoni mwa nyumba anayoiheshimu.

Nyayo zake ziliteremka kwenye tope. Nikazifuata kwa macho. Hazikuingia ndani ya uzio.

Zilipita kando.

Vyura walikuwa wamenyamaza. Ikaja harufu. Aliyezaliwa kando ya mto huu anaijua: samaki aliyeoza, juu yake kama mtu kamwaga miski. Harufu tamu inayokufanya utake kutapika.

Kisha nikasikia sauti, chini chini, kwenye matete.

"Vumilia... Kule nako kuna maji. Ni ya chumvi, lakini utazoea. Na mdogo tunaye."

Kitu kikapumua majini. Pumzi ndefu, nzito, kama gunia la mpunga likitupwa chini.

Mtungi wangu ukagonga mti.

Rachael alikuwa nje ya uzio, maji kifuani. Hakushtuka. Aligeuza kichwa peke yake, mabega yakabaki palepale. Kisha akapanda taratibu, na maji yakamteleza kama yanavyoteleza kwenye jani la gimbi. Alipofika mbele yangu gauni lake lilikuwa kavu.

"Mkwe," akasema. "Umekuja kuchota?"

"Unaongea na nani?"

"Nasali. Nauaga mto."

"Mungu wako siku hizi anakaa kwenye matete?"

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akachukua leso yake, akajifunga, akavaa ndala moja, kisha nyingine. Hakuwa na haraka.

"Ukisema, watasema una wivu kwa sababu umeachwa," akaninong'oneza. "Ukisema sana, watanichoma. Halafu nani atakuwa ameua, mkwe? Mimi au wewe?"

Nikauinua mtungi wangu.

"Chota," akasema. "Chota bila wasiwasi. Leo hakuna wa kukugusa."

Nikachota. Wageni walikuwa wanangoja chai.

Nilimkuta Josephine jikoni anakanda unga wa chapati. Nikafunga mlango, nikamwambia yote. Leso. Nyayo. Maneno.

"Mama, hata leo?"

"Nimemwona kwa macho yangu, nje ya uzio."

"Alikuwa anaoga."

"Wewe uliyezaliwa hapa, ushamwona nani akaoga nje ya uzio?"

Mikono yake ikasimama kwenye unga. Nikaona neno langu limeingia. Kisha nikaona analitoa.

"Unajua kwa nini hatukukuchagua?" akasema. "Siku tunazika kile kilichopatikana cha mwanangu, shimo bado liko wazi, uliniuliza mbele ya watu nilikuwa natazama wapi. Shangazi Rachael alinishika mkono. Wewe uliniuliza swali."

"Na jibu sijapata mpaka leo."

"Toka jikoni kwangu, Mama."

Nikatoka. Uani watu wamejaa, wengine vijana, wengine wamelewa mnazi. Rachael amekaa mkekani, Linda amelala mapajani mwake. Akaniangalia. Akangoja. Neno moja tu kwa sauti, na asingeuona mji wa Garsen, sembuse ng'ambo.

Nikaufunga mdomo wangu. Watu wa Wema wanasema haujawahi kufungwa. Basi wajue ulifungwa siku hiyo. Sijawahi kuona petroli ikiuliza ushahidi, na sikutaka kuiona usiku ule, hata kwake.

Kesho yake niliwasindikiza mpaka steji ya Garsen. Mizigo ikapandishwa juu ya basi la Mombasa. Linda, ambaye hajaanza hata shule, akanivuta leso niiname.

"Nyanya," akaninong'oneza sikioni, "Nyanya Rachael akilala, jicho moja halifungi."

"Lipi?"

"La upande wangu."

Basi likaondoka naye.

Baada ya hapo mto ukatulia. Mbuzi walishuka kunywa na kurudi wote. Wavuvi wa kijiji cha Ozi walipita na kusema hawajamwona mwenye mkia uliopinda, si chini wala juu. Kanisani wakamshukuru Mungu. Wengine wakadai askari wa wanyama wamempiga risasi, kama vile askari hao wamewahi kuja tukiwaita. Mimi nilichota maji nikinyamaza. Nilijua aliko. Binti yangu alikimbia mamba, akamkatia tiketi, akamkalisha kando ya mtoto.

Josephine hakunipigia muda mrefu. Siku aliponipigia ilikuwa simu ya picha, jioni, nadhani ili nione vizuri nilichokosa. Nikaona ufuo mweupe, nyumba ndogo yenye kibaraza, bahari kama imepakwa rangi. Linda alikuwa anachimba mchanga kwa kijiko. Alikuwa amenenepa.

"Nani anampikia?" nikauliza.

"Shangazi. Anamlisha mpaka namwonea huruma."

Nyuma ya mtoto palikuwa na alama kwenye mchanga. Mburuzo mpana, umetoka majini, umekuja mpaka kwenye kibaraza, ukarudi. Kando yake nyayo, kulia na kushoto.

"Mnavuta mtumbwi hapo?"

"Mtumbwi gani? Hapa hakuna mtumbwi, Mama."

"Sogeza simu."

"Kwa nini?"

"Sogeza simu, nimesema!"

Akasogeza. Katikati ya mburuzo ulipita mstari mwembamba. Kila baada ya hatua mstari ule ulipinda.

Kushoto. Kama mundu.

Linda akaja mbio, akajaza uso wake kwenye kioo. "Nyanya! Nyanya Rachael ameshanifundisha kukaa majini. Kesho tutakwenda mpaka pale mbali, kwenye jiwe!"

Hapo nilipiga kelele. Niliyoyanyamazia Wema niliyasema yote. Huko hakuna vijana wa petroli, nikaona nimepewa ruhusa. Nilimwita Rachael mchawi, jina lile ambalo kwetu halisemwi. Nilimwambia Josephine alizika mtoto mmoja akiwa kipofu na sasa anachimba shimo la pili. Ndiyo, nilisema hivyo. Ningesema kwa upole ningesema mpaka saa ngapi?

Nyuma yake, mlangoni, Rachael alikuwa amesimama na leso yake ya korosho. Alinyanyua kidole, akakiweka mdomoni.

Simu ikakatika.

Nilipopiga tena haikuita. Nikampigia Silas, haikuita. Nikamwomba Kavumbi, mwenye duka la simu Garsen, anipigie kwa simu yake. Akapokea Josephine. Aliposikia ni mimi, akasema, "Mama, Mungu akusamehe," akakata. Kavumbi akanieleza nimefungiwa, na sasa na yeye kafungiwa kwa ajili yangu.

"Bibi, umewafanyia nini watu hawa?" akauliza.

"Nimewapenda," nikamwambia. "Nipe chenji yangu."

Nilikaa hivyo, bila habari. Hata anayechukiwa huambiwa mtu akifa, nikajipa moyo. Kimya ni uzima. Nililima mpunga wangu, nikafukuza ndege, nikagombana na aliyestahili.

Mpaka leo.

Jua lilipokuwa linashuka nilichukua mtungi nikaenda kuchota. Sikufika. Nilisimama juu ya ukingo. Ng'ombe wa wafugaji Waorma walikuwa wamesimama nao, shingo zimenyooka, wana kiu na hawashuki. Vyura kimya.

Harufu.

Kwenye tope mburuzo mpana, mbichi, maji bado yanajaa ndani yake. Mstari mwembamba katikati, umepinda kushoto.

Na juu ya mti wa uzio, leso nyekundu. Ya korosho. Inachuruzika maji. Nikaigusa, nikalamba kidole.

Chumvi.

Hakuna aliyemwona Rachael akishuka kwenye basi. Nilimpigia Kavumbi simu aulize steji. Hakuna.

Basi nikafikiri. Amerudi. Lakini amerudi vipi? Amefukuzwa kabla hajala, au amemaliza akarudi kwao? Wa kuniambia hayuko. Mamba mwenye njaa na mamba aliyeshiba wanafanana machoni. Njia ya kuwatenganisha ni moja, na kila anayefuga kando ya mto huu anaijua.

Nilirudi nyumbani nikamfungua mbuzi wangu wa maziwa. Nilimlea tangu mama yake alipomkataa. Nikamshusha mtoni, nikamfunga kamba kwenye kisiki, hatua chache tu kutoka majini, nikampa majani ale. Mimi nikapanda juu, nikakaa.

Sijawahi kumwombea mnyama wangu kifo. Leo nimemwombea. Kula, nikasema. Kula, mwana wa laana. Kula nijue una njaa.

Maji yakafunguka bila sauti. Kikatoka kichwa, kisha mgongo, kisha mkia, wote, mpaka pale unapopinda. Akapanda tope, tumbo likiburuzika chini. Tumbo zito. Mbuzi akalia mara moja, akavuta kamba, akakwama.

Mamba akafika karibu naye kiasi cha kumlamba. Akamtazama.

Akalala.

Akafungua kinywa, akakiacha wazi, kama wanavyolala juani wakishamaliza kazi. Jicho la upande wa mbuzi likafumba. La upande wangu halikufumba.

Najiambia mamba wa mtu hagusi asichotumwa. Ndivyo wazee walivyosema. Pengine ana njaa ya kufa, na mbuzi si wake. Pengine Linda yuko kwenye mchanga na kijiko chake. Nakaa na hilo. Nalishika kwa mikono miwili.

Mbuzi amezoea sasa. Anatafuna majani.

Na simu inaita kifuani mwangu. Nimeitoa, nimesoma jina. Ni Josephine.